Alijibu Mbili

Mimi ndiye niliyemwambia asije tena zahanati kila wiki. Nilimwambia kwa upendo, mkono wangu ukiwa begani kwake, na nilidhani namtua mzigo. "Mama, usijichoshe," nilisema. "Kaa nyumbani. Simu itafanya kazi yote."

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika zahanati ya kijiji kimoja jirani na Mahurunga, kule ambako mashamba ya mpunga yanateremka mpaka mto Ruvuma. Kwetu ni Njombe. Nilipopangiwa kazi huku nililia wiki nzima kwa joto na mbu, halafu nikazoea, na mwaka wa pili nilikuwa nachimba ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuila kuliko wenyeji. Watu walinipokea vizuri. Wengi ni Wamakonde na Wamakua, Waislamu, na mimi Mkristo niliyekuwa nikisali peke yangu chumbani Jumapili kwa sababu kanisa lilikuwa mbali. Mwezi wa Ramadhani ukifika, futari ililetwa mlangoni kwangu kana kwamba na mimi nilishinda na njaa.

Huyo mama alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye kicheko kilichosikika mpaka chumba cha sindano. Alikuwa na presha. Kliniki ya presha na sukari ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa wa kwanza kufika kila wiki, ingawa alitembea karibu saa nzima kutoka kwake. Dawa alipewa za mwezi, kwa hiyo kwa utaratibu alitakiwa kuja mara moja kwa mwezi tu. Alikuja kila Alhamisi hata hivyo. Aliketi kwenye benchi karibu na mlango, akaanza visa vyake, na foleni yote ikamsikiliza. Zamu yake ikifika alininyooshea mkono na kuuliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kimakonde, "Haya nesi, leo plesha yangu imelala au imesimama?"

Nilikuwa nampima mara mbili. Kipimo cha kwanza kilikuwa juu kwa sababu ya mwendo. Baina ya cha kwanza na cha pili tulizungumza, na katika mazungumzo hayo nilipata mambo yote. Kwamba wiki hiyo amekula ng'onda kila siku kwa kuwa mboga nyingine haikupatikana, na ng'onda ni samaki aliyejaa chumvi tupu. Kwamba shemeji yake anamsumbua kwa mpaka wa shamba na halali vizuri. Kwamba kidonge kimoja kinamletea kikohozi, kwa hiyo anakiruka. Hayo yote sikuyauliza kwa utaratibu wowote. Yalikuja yenyewe huku mkanda wa kipimo ukiwa umemkaa mkononi.

Mpango ulipokuja niliupokea kwa mikono miwili. Tuliitwa mjini Mtwara kwa mafunzo, wauguzi wa zahanati mbalimbali, tukapewa kila mmoja kishikwambi chenye kasha la mpira. Mratibu wa mpango, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, alitueleza kwamba lengo ni kuwawahi watu kabla ya kiharusi, kabla ya figo kufa, kabla ya moyo kuchoka. Kila Jumatatu asubuhi mgonjwa angepata ujumbe kwenye simu yake, hata ikiwa kiswaswadu cha vitufe, wa kumkumbusha dawa na kumuuliza hali. Akiwa mzima ajibu moja. Akijisikia vibaya, kichwa kuuma, kizunguzungu, macho kuona giza, ajibu mbili. Akijibu moja, jina lake kwenye kishikwambi changu linakuwa la kijani. Akijibu mbili linakuwa jekundu na mimi natakiwa kumfuata. Asipojibu, linakuwa la kijivu.

Sitaki kuusema vibaya mpango ule. Ulikuwa mzuri, na bado naamini hivyo. Wapo watu ulioniwezesha kuwawahi, akiwemo mwalimu mmoja ambaye jina lake liliwaka jekundu Jumatatu na Jumanne yake nikawa nampeleka hospitali mwenyewe. Ubovu haukuwa pale.

Nilimsajili mama yule siku ya kwanza kabisa. Simu alikuwa nayo, aliyopewa na bintiye aliyeolewa mjini, lakini kusoma hakujua vizuri. Alizijua namba. Nikamwambia namba zinatosha.

"Jumatatu simu ikilia mlio huu," nilisema nikimsikilizisha, "ni mimi nakuuliza hali. Ukiwa mzima bonyeza moja, tuma. Ukiwa mgonjwa bonyeza mbili, tuma."

"Nikibonyeza mbili kinatokea nini?"

"Mimi napata habari hapa. Nakuja."

"Unakuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Hata nikiwa shambani?"

"Hata ukiwa shambani."

Akacheka, akawageukia wenzake kwenye benchi. "Mmesikia? Mimi sasa nina nesi wa kwenye simu. Nikimbonyeza anakuja." Wakacheka wote. Akabonyeza moja mbele yangu, jina lake likawa kijani, na wote wawili tulifurahi kama watoto.

Hapo ndipo nilipomwambia asijichoshe. Sasa niseme na lile ambalo sikulisema wakati ule hata kwa nafsi yangu. Foleni ya Alhamisi ilikuwa inanichosha. Nilikuwa peke yangu na mganga mfawidhi, na yeye nusu ya siku zake aliitwa kwenye vikao. Watu kama mama yule, waliokuja bila ratiba, walinifanya nimalize kazi jioni nikiwa sijala. Nilipomwambia akae nyumbani nilimfikiria yeye, ndiyo, lakini nilijifikiria na mimi. Alhamisi zikawa nyepesi. Nikawa namaliza mapema, nafua, napumzika. Kwenye kikao cha mwezi mjini mratibu aliionyesha orodha yangu ukutani, kijani kutoka juu mpaka chini, akasema hivi ndivyo inavyotakiwa. Wenzangu walinipigia makofi. Nilirudi kijijini siku ile nimejaa furaha mpaka nikapika pilau.

Yule mama alijibu moja kila Jumatatu kwa miezi. Mara nyingine nilimwona kwa mbali sokoni, tukapungiana mikono. Sikujua tena habari za shemeji wala za kikohozi.

Mpunga ulipoanza kuzaa alikuja zahanati, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuja kuniaga. Msimu wa kuamia ndege ulikuwa umefika, na wenye mashamba huhamia bondeni kabisa, wanakaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, wakipiga kelele na madebe kuanzia alfajiri mpaka jua lizame ili ndege wasimalize mavuno. Viboko nao hupanda kutoka mtoni. Ni kazi ya wiki nyingi.

"Nitarudi mpunga ukishaingia ndani," alisema. "Nipe dawa za kunitosha."

Nikampa za miezi mitatu. Sikumpima. Kishikwambi kilisema kijani, na kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa ananisubiri. Nilimpa dawa dirishani, akasimama kidogo kama mtu anayetaka kuketi, halafu akasema, "Haya, nakuona una kazi," akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata hakujibu. Wala iliyofuata. Jina likawa la kijivu.

Nilijua alipo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hakuna aliyenificha. Na nilijua, kama kila mtu wa kule anavyojua, kwamba ukishuka bondeni simu inaacha mtandao wetu na kushika wa ng'ambo, wa Msumbiji. Inaanza kukukaribisha kwa Kireno. Ujumbe wa huku haufiki mpaka upate mahali pa juu. Nilijua yote hayo, lakini nilipokiangalia kishikwambi nilimwona mgonjwa asiyejibu. Nilisema hata kwa sauti, peke yangu chumbani, "Na huyu mama naye."

Baada ya wiki ya nne kishikwambi kikaniuliza swali: Je, mshiriki huyu bado yupo? Kulikuwa na majibu matatu: Yupo. Amehama. Amejitoa. Ukichagua Yupo, ulifunguka ukurasa mwingine wa kujaza siku uliyomtembelea, kipimo chake, na maelezo. Ukichagua Amejitoa, kazi iliisha.

Ilikuwa Ijumaa mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na njia ya bondeni ilikuwa tope. Jumatatu kulikuwa na kikao mjini. Kwenye orodha yangu nzima lilibaki jina moja la kijivu. Nilimpigia simu, haikupatikana. Ningeweza kumtafuta mwenye pikipiki Jumamosi. Njia ni mbaya lakini hupitika. Nilifikiria viatu vyangu, nikafikiria nguo za kikao ambazo sijazipiga pasi. Nikajiambia akirudi nitamsajili upya, ni dakika tano tu. Nikagusa Amejitoa. Jina likaondoka, na orodha yote ikawa kijani.

Kwenye kikao sikuulizwa lolote.

Waliomleta ni wanawake wawili wa mashamba ya jirani, mmoja amekaa nyuma yake na mmoja akikimbia kando, yeye akiwa katikati kwenye pikipiki, nyuma ya dereva, amefungwa kwa kanga asidondoke. Ilikuwa asubuhi, kama wiki sita tangu nimfute. Nilitoka na glavu mikononi nikamwona mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Macho yalikuwa wazi. Aliponiona alijaribu kusema kitu, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake.

Nilimlaza, nikampima. Namba iliyotokea sikuisoma kwa sauti. Nilifanya niliyofundishwa, mganga mfawidhi akatafuta gari, na tulipokuwa tunasubiri nikamuuliza yule mwanamke aliyekuja amemshika nyuma, "Ameanza lini kuumwa?"

"Kichwa kinamuuma muda," alisema. "Wiki ya tatu hii. Tulimwambia apande kijijini aje kwako, akakataa."

"Kwa nini alikataa?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo muulizaji analijua. "Si alikuita? Kila Jumatatu alikuwa anapanda kwenye kichuguu kikubwa kule juu ya shamba langu, simu inashika. Anabonyeza. Anashuka anatuambia, 'Nesi wangu nimeshamwita, anakuja.' Sisi tukasema labda ni tope linakuzuia."

Nilishughulika na dripu ambayo ilikuwa imeshakaa sawa.

Tulimpeleka mjini kwenye gari la mnunuzi mmoja wa ufuta. Bintiye alitukuta hospitalini. Nilikuwa sijawahi kuonana naye. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mrefu kama mamaye, mumewe akifanya kazi bandarini. Aliniamkia kwa heshima zote. Alinishukuru. Aliniambia mama yake humtaja kila wanapoongea, kwamba kule kijijini ana mtoto mwingine, nesi. Nilisimama pale kwenye korido nikizipokea shukrani zile.

Siku ya tatu, nilipokuja kumwona mgonjwa, aliniita kando akanionyesha simu ya mama yake. Alikuwa ameisafisha matope na kuichaji.

"Dada, nisaidie kuelewa hii," alisema.

Kwenye ile namba ya mpango kulikuwa na majibu ya miezi yote, moja, moja, moja. Halafu ukimya. Halafu mbili. Chini yake ujumbe wa mashine: Samahani, namba hii haijasajiliwa kwenye mpango. Wiki iliyofuata, mbili. Samahani, namba hii haijasajiliwa. Wiki iliyofuata, mbili tena. Samahani.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Hakuweza kuusoma ujumbe ule. Alituma mbili, simu ikalia mlio ule niliomfundisha, na kwake mlio ule ulikuwa ni mimi. Alidhani nimemjibu. Alirudi kwenye dungu lake akaningoja.

"Kwa nini ilikuwa inamjibu hivi?" bintiye aliuliza. "Si alikuwa amejiandikisha?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli. Hakuna aliyekuwa anatuharakisha. Nilisema, "Mtandao."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Huku kwetu mtandao kweli ni shida," alisema, akairudisha simu mkobani.

Mama hakufa. Bintiye alimchukua akakaa naye Shangani, pale pale Mtwara mjini, katika nyumba waliyopanga karibu na bahari. Mpunga ule ulivunwa na majirani, kiasi ambacho ndege walikibakiza. Mguu ulirudi kidogo, akawa anatembea kwa kuburuta, akishikiliwa. Mkono haukurudi. Maneno hayakurudi ila moja, "haya." Alilisema kwa chai, kwa maji, kwa maumivu, kwa kukataa na kwa kukubali, na bintiye akajifunza kulitofautisha kwa sauti. Kile kicheko sijakisikia tena.

Mimi nilibadilika kwa namna ambayo wenzangu waliiona ni uchapakazi. Nilianza kuwafuata wenye majina ya kijivu mmoja mmoja, Jumamosi, kwa miguu na kwa pikipiki. Nilikuta wengine wamesafiri, wengine simu zimeibiwa, mmoja amefariki na hakuna aliyetuambia. Mratibu alipokuja nilimweleza habari ya kile kitufe na jinsi ilivyo rahisi kukigusa. Nilisema "muuguzi mmoja." Sikusema mimi. Aliandika kwenye daftari lake, akasema ni hoja nzuri, atalifikisha. Toleo lililofuata la programu lilikuja na swali lile lile. Nikamwandikia barua, safari hii kwa jina langu, nikaeleza nilichofanya tangu mwanzo mpaka mwisho. Alinipigia simu. Akasema, "Pole sana, dada," akaahidi jina langu halitatajwa. Sikuwa nimeomba hilo. Baada ya miezi kadhaa kitufe kile kiliondolewa. Ukitaka kumtoa mtu ni lazima kwanza ujaze kwamba umemwona. Nilifurahi, na furaha yenyewe ilinitia aibu.

Baadaye nilihamishiwa mjini. Nikawa naenda Shangani mara mbili kwa wiki kumsaidia bintiye mazoezi ya mama, kumnyoosha mkono, kumtembeza jioni kando ya bahari wakati watu wengi wanatoka kupunga upepo. Bintiye alinizoea. Alinipikia. Watoto wake wakaniita mama mkubwa. Kila nilipokaribishwa chakula nilijua nakula kitu nilichokipata kwa uongo, na kila wiki niliyoiacha ipite iliufanya ukweli kuwa mgumu zaidi kusemeka. Nilijidanganya kwamba nanyamaza kwa ajili yao, nisiwavuruge.

Niliusema ukweli siku moja jioni tulipokuwa tumemketisha mama kwenye ukuta mfupi wa pale ufukweni apumzike. Bintiye alikuwa anamwambia mpita njia mmoja, jirani yake, kwamba mimi ndiye niliyemwokoa mama yake, na kwamba kama si mimi wangekuwa wameshazika. Jirani alinipa mkono. Alipoondoka, nikasema.

"Mama hakuondolewa kwenye mpango na mtandao. Nilimwondoa mimi."

Nikaeleza. Orodha, kijivu, kikao, tope, viatu. Sikuacha kitu. Nilieleza na yale maneno ya mwanamke wa kichuguu, ambayo kumbe hakuwa ameyasikia. Mama alikuwa ameketi baina yetu, akitazama mbele. Sijui alielewa kiasi gani. Nilipomaliza alisema, "Haya," kwa sauti ambayo sikuweza kuitofautisha, na bintiye, aliyezijua sauti zote, hakunifasiria.

"Kwa hiyo alikuita mara tatu," bintiye alisema.

"Mara tatu."

"Na mimi nilipokuuliza ukaniambia mtandao."

"Nilikuambia mtandao."

Alikaa akiyakunja matamvua ya mtandio wake. Hakulia wala hakupandisha sauti. "Ungeniambia pale hospitalini ningekutukana," alisema, "halafu labda ingeisha. Sasa nimeshakulisha. Wanangu wanakupenda. Nifanye nini na wewe?"

Nikasema nisamehe, na nilipolisema nililiona lilivyo dogo.

Alimvalisha mama kandambili zake, akamwinua kwa ubavu ule mzima. Niliinuka kumshika upande wa pili kama nilivyozoea, akanizuia kwa kiganja. "Leo tutaweza wenyewe," alisema. "Na usije nyumbani mpaka nikuite."

Wakaondoka polepole, wakisimama kila hatua chache, mpaka wakaingia kwenye uchochoro wao.

Ni miezi sasa. Kazini nashughulikia wagonjwa wale wale wa presha na sukari, na kishikwambi ninacho. Wakija bila ratiba nawaketisha, nawapima mara mbili, nawauliza habari za nyumbani. Jioni napita njia ya sokoni kurudi kwangu, kwa sababu kwenye njia ya ufukweni naogopa kuwakuta, na simu yangu siizimi. Hajaniita.